Mke Niliyemtafutia Mjukuu Wangu

Nimekosea mambo mengi katika maisha yangu na mengi siyajutii, kwa sababu niliyafanya nikiwa na njaa ama nikiwa na hasira. Hili nililifanya nikiwa nimeshiba, nimekaa kwenye kiti changu, nimelifikiria mwezi mzima. Nilimtafutia mjukuu wangu mke. Na mjukuu wangu alizaliwa msichana.

Nitalieleza polepole, ili mtu asianze kucheka kabla sijamaliza, ama asianze kuniombea.

Mimi nilisoma hadi darasa la nne. Kiswahili changu nilikiokota Kisii mjini, nikiwauzia ndizi akina mama wa Kiislamu wasiojua hata neno moja la Kikisii, na kingine nimekitoa kwenye Biblia. Tunaishi upande wa Itumbe, kwenye mteremko wa chai. Mjukuu huyu nilimpokea kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu siku hiyo mvua ilikuwa imekata njia ya kwenda zahanati. Nikatoka nje nikamwambia mwanangu, "Ni msichana." Neno hilo nililisema mimi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Kwetu kuna kitu tunakiita chinsoni. Ni haya iliyowekwa katikati ya mzazi na mtoto. Baba hazungumzi na mtoto wake mambo ya mwili, wala mtoto hamwulizi. Ukivunja, watu wanakutazama kama umevua nguo barabarani. Lakini nyanya na mjukuu hawana chinsoni. Sisi tunataniana, tunaambiana yote. Ndiyo maana mtoto akianza kuwa mkubwa halali tena nyumba moja na wazazi wake. Anakuja kwa magokoro, yaani nyanya, na yale ambayo hawezi kumwuliza mama yake anayauliza hapo, kando ya moto.

Kwa hiyo wajukuu wangu wa kiume nawaita "bwanangu". Namwambia wa miaka minne, "Bwanangu, nyama iko wapi? Wewe ni mume gani unarudi mikono mitupu?" Wa kike nawaita "mke mwenzangu", nawaonya waache kumtazama mzee wangu. Mzee alikuwa hai wakati huo, akikaa nje juani, anajibu, "Huyu mdogo ndiye nimemchagua. Wewe meno yamekwisha." Ndiyo utani wetu.

Mjukuu huyu ninayemsema alipokuwa na miaka kama sita nilimwita, "Mke mwenzangu, njoo tuchambue chinsaga." Chinsaga ni mboga yetu ile chungu. Hakuja. Alikuwa amekaa mlangoni, ananisikia.

"Umeziba masikio?"

"Unamwita nani?"

"Nakuita wewe."

"Mimi si mke mwenzako."

Mzee akacheka. Nikasema, "Haya, bwanangu, njoo."

"Hata huyo si mimi."

"Basi wewe ni nani kwangu?"

Akainuka, akavuta kikapu, akakaa chini. "Mimi ni wa kukuchambulia mboga," akasema, na akachambua zote hadi za mwisho. Mzee alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Mimi nilidhani ni mtoto mjanja tu. Nilimsimulia kila mtu aliyepita kama kichekesho.

Alilala jikoni kwangu tangu miaka minane hadi alipomaliza kidato cha nne. Kazi za watoto kwetu zimegawanywa, na hakuna anayekaa chini kuzifundisha, unazikuta tu. Msichana hapandi juu ya nyumba. Mvulana mkubwa hakai mekoni na akina mama. Huyu alipanda juu ya nyumba yangu siku mabati yalipovuja, akapiga misumari, akashuka, akanawa mikono, akasonga ugali. Nilimkaripia kwa kupanda. Akaniuliza, "Bado inavuja?" Haikuwa inavuja.

Mwezi wa Desemba wavulana wa rika lake walipotolewa jandoni, tulisimama kando ya barabara kuwatazama wakipita na nyimbo zao. Mambo ya kuwakata wasichana nyumba yangu iliyaacha tangu mabinti zangu, na sitaki kuyarudia hapa. Mtoto alikuwa ameshika leso yangu.

"Magokoro, wanaenda kuwa nini?"

"Wanaume."

"Na wasiotaka?"

"Hakuna asiyetaka."

Akatazama zile nyimbo zikiteremka mpaka zikapotea kwenye kona. Akauliza, "Na sisi wengine, tunaambiwa lini?" Nilimwambia aache maswali, ng'ombe hajanyweshwa maji. Leo ningempa jibu lingine. Sijui lipi, lakini lingine.

Alikua. Sketi ya shule aliivaa kama mtu anavyovaa koti la mvua. Mvua ikiisha unalitundika, huna neno nalo. Baadaye alijifunza kutengeneza simu na redio, akapata meza yake Kisii mjini, kwenye duka la mtu mwingine. Akanyoa nywele. Akawa anavaa mashati makubwa na suruali, safi, zimepigwa pasi. Kanisani kwetu wanaume wanakaa upande mmoja na wanawake upande mwingine, ingawa hakuna sheria iliyoandikwa. Yeye Sabato akija alikuwa anakaa kwenye benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, pale wanapokaa wenye watoto wanaolia. Mama mmoja akaniuliza tukitoka, kwa sauti ya asali, "Yule mgeni wako wa nyuma ni kijana wa nani?" Alimjua vizuri sana. Nikamwambia, "Ni yule aliyekutengenezea simu ukakosa hata kusema asante." Akatafuta njia nyingine ya kwenda kwao.

Sasa jambo lenyewe. Mzee wangu alipokufa, na matanga yakaisha, mwanangu, baba ya huyu mtoto, aliita familia kugawa boma. Wajukuu wakubwa walikuwa wanne, wavulana watatu na yeye. Kwetu mvulana anapimiwa kiwanja cha kujenga. Msichana hapimiwi, kwa sababu ataolewa, kwake kutakuwa kwingine. Wavulana walionyeshwa mahali pao, kamba ikapitishwa, miti ikapigwa. Yeye alikuwa amesimama pale ameshika kamba upande mmoja, anasaidia. Kamba ilipokunjwa akauliza kwa adabu, "Tata, na mimi?" Tata kwetu ni baba.

Mwanangu si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kujua kila kitu kinakaa wapi. Akasema, "Mvulana anajenga. Msichana anaolewa. Wewe niambie ni lipi, nijue."

"Hakuna, tata."

"Hakuna ni nini?"

"Si hili, si lile."

Mwanangu akatazama chini. "Basi usirudi hapa mpaka ujue," akasema.

Mtoto akaweka kamba chini, akachukua mkoba wake, akashuka kwenda barabarani. Hakurudi mwezi huo, wala uliofuata. Ananipigia simu jioni, tunaongea, lakini nikimwambia njoo anasema kazi ni nyingi. Nikaanza kuhesabu umri wangu. Mimi nikifa kabla hajapewa mahali, nilijua, hatakuwa na mlango wa kugonga katika boma hili. Atakuwa mtu wa kuja kwenye mazishi na kuondoka siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipoketi nikafikiri, nikapata werevu wangu.

Kwetu kuna desturi ya zamani, na bado iko, Kisii na Nyamira. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anapeleka ng'ombe kwa watu, anachukua msichana, msichana anakuja kuwa mke wa ile nyumba. Watoto atakaozaa wanaitwa wa nyumba ile. Si mambo ya kitandani, msikose adabu. Ni mambo ya nyumba isifungwe. Shangazi yangu aliye Nyamira alifanya hivyo, na leo wajukuu wa nyumba yake wamejaa uwanja mzima. Na katika boma, mwanamke anayeoa anahesabiwa kama mwenye nyumba. Hakuna anayemwuliza ataolewa lini.

Nikasema, si ndiyo hii! Mtoto hataki kuolewa, basi aoe. Baba yake anataka kujua ni lipi, basi ajue ni mwana. Niliona Mungu mwenyewe amenifungulia dirisha. Nilimwambia mwanangu. Alitoboa ardhi kwa kijiti, halafu akasema, "Mama, akikubali hilo, nitampimia." Nilifurahi nusura nimkumbatie, lakini sisi hatukumbatiani.

Kumwambia mtoto mwenyewe? Sikumwambia. Sikumbuki hata nikifikiri kumwambia. Mimi nilichaguliwa mume na sikuambiwa, nilimwona siku ya ng'ombe wa mahari. Ndivyo nilivyojua mambo mazuri yanavyoletwa.

Nilienda Nyamira kwa mama mmoja, rafiki wa ujana wangu, ambaye binti yake alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mdogo baada ya ndoa kuharibika. Tukaelewana binti na mtoto wake waje siku ya Jumapili. Nikampigia mjukuu wangu nikamdanganya kwamba redio yangu imekufa na baba yake yuko safarini. La pili lilikuwa kweli, nilikuwa nimemtuma Ogembo makusudi. Nikachinja jogoo.

Akaja na mkoba wake wa vifaa. Alikuta nyumba imefagiliwa, vitambaa vyeupe viko kwenye viti, na msichana mpole amekaa na mtoto magotini. Akamsalimia. Akamchezesha mtoto. Akaifungua redio akasema, "Magokoro, hii redio ni nzima. Betri zimegeuzwa."

"Ndiyo, nilizigeuza."

Akanitazama. Akamtazama msichana. Akatazama kuku.

"Huyu ni nani?"

Nikasema kwa heshima zote, "Huyu nimekutafutia. Akae kwenye nyumba yako. Baba yako amekubali, atakupimia kiwanja. Utakuwa mwana."

Alicheka. Alicheka kweli, mpaka akashika meza, na mimi nikacheka naye nikidhani ni furaha. Halafu nikaona kicheko kimegeuka na mabega yake yanaruka kwa namna nyingine. Kuku akapoa. Msichana akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

Nikamwambia, "Sasa unalia nini? Si umekataa kuwa mwanamke?"

"Na ni lini nilisema nataka kuwa mwanamume?"

"Kama si huku ni kule."

"Magokoro." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Ukiniita mwanamke, ni kama umemwita mtu aliyesimama nyuma yangu. Nageuka kumtafuta. Ukiniita mwanamume, ni vile vile, nageuka. Tangu nikiwa mdogo nageuka tu. Shingo imechoka."

"Na nikikuita mjukuu?"

"Hapo hunipotezi. Lakini leo umenileta hapa unifanye bwana ya mtu."

Msichana wa watu, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akasema, "Hata mimi sikuambiwa yote. Mama alisema tu hapa hakuna mume wa kunipiga, ndiyo nikaja."

Hiyo sentensi imenikalia vibaya mpaka leo. Mjukuu wangu akambebea mkoba, akamsindikiza hadi kwenye stendi. Kabla ya kutoka akanigeuzia betri za redio, ikaanza kuimba. Mimi nilibaki na jogoo mzima na kwaya ya kanisa.

Majuma sita hakupiga simu. Nikipiga, inalia, inakatika. Mwanangu aliporudi kutoka Ogembo akauliza, "Amekubali?" Nikasema, "Nimeharibu." Sikuwa nimewahi kumwambia mwanangu neno hilo. Akaenda kukama ng'ombe bila kuvua viatu vizuri.

Mzee wa kanisa alikuja pia, alikuwa amesikia. Aliniuliza mjukuu wangu anajiona nani, akasema Mungu aliumba mume na mke. Nikamwuliza, "Mbinguni, watu wataoa na kuolewa?" Akasema, "Hapana, imeandikwa hawataoa." Nikamwuliza, "Na bado watakuwa watu wetu? Utamjua mama yako?" Akasema bila shaka atamjua. Nikamwongezea chai. Alikunywa yote, akasema mvua inakuja, akaenda.

Juma la saba nilivaa viatu vya kanisa nikaenda Kisii mjini. Nilibeba mkungu mdogo wa ndizi kwa sababu siwezi kwenda mahali mikono mitupu, hata pale nilipokosea. Nilimkuta kwenye meza yake, ameinama, ana taa kichwani kama mchimba migodi, simu imefunguliwa tumbo. Mteja mmoja anamwita "boss", mwingine anamwita "madam", na yeye anawajibu wote wawili bila kuinua kichwa. Nilisimama pale kama mteja. Niliona shingo yake ikisogea kidogo, kidogo sana, kila walipomwita. Kama hukuambiwa, huwezi kuiona.

Alipoinua macho akaniona, akazima taa.

Mimi sijui kuomba msamaha. Sikulelewa nao. Nikaweka ndizi mezani nikasema, "Nimekuja kuuliza. Zamani nilikunyima majibu ukiwa mtoto, sasa ni zamu yangu kuuliza, na wewe usininyime."

Akanivutia kiti.

Niliuliza yote, maana mimi ni nyanya na sina chinsoni. Nikamwuliza kama mwili wake una ugonjwa. Akasema hapana, ni mzima, unambeba, hauna ubaya. Nikamwuliza kama anataka kuubadilisha. Akasema wapo wanaotaka kutoka huku kwenda kule, na ni haki yao, lakini yeye haendi popote. "Mimi nimekaa tu, magokoro. Hapa hapa." Nikamwuliza kama anapenda mtu. Akaona haya, akasema bado, akipatikana nitaambiwa wa kwanza. Nikamwuliza choo anaingia kipi hapa mjini. Akasema kile kisicho na foleni. Tukacheka mpaka mwenye duka akachungulia.

Nikamwuliza, "Ni jina gani hilo, la watu kama wewe?"

"Liko neno la Kiingereza." Akalitamka. Nikajaribu, likanishinda mdomoni. Akasema, "Usijisumbue. Mimi mwenyewe nililipata kwenye simu nikiwa na miaka ishirini. Kabla ya hapo nilidhani niko peke yangu duniani."

"Na hauko?"

"Niko na wenzangu. Wengine hapa hapa Kisii. Mmoja ni mwalimu Nyamira."

"Mwalimu! Wa kanisa letu?"

"Sikuambii."

Alinifurahisha kwa hilo. Mtu anayejua kutunza siri ya mwenzake nimemlea vizuri.

Njiani nikirudi nilijaribu kujiuliza mwenyewe kama nilivyomwuliza yeye. Je, mimi najuaje kwamba ni mwanamke? Si kwa kuzaa, maana kuna wasiozaa. Si kwa kuolewa, maana mzee amekufa na bado niko vile vile. Nilitafuta lile jambo ndani yangu na sikulipata mahali pa kulishika, lakini nilijua lipo, limekaa, halijawahi kunisumbua. Basi nikafikiri, na kama ningelitafuta hivyo nikakuta hakuna kitu, pako safi, pametulia? Nani angeniambia naongopa? Nilifika hapo tu. Sikuelewa zaidi, na sitawadanganya.

Lakini kiwanja nilikielewa. Asubuhi iliyofuata nilichukua jembe nikaenda kwenye chai yangu. Nasema yangu kwa sababu mzee aliniachia mimi, mistari ile iliyo karibu na jikoni, niliipanda mwenyewe nikiwa na mimba ya mwanangu huyu. Nikaanza kuing'oa.

Asiyelima chai hajui. Mti wa chai wa miaka hiyo una mizizi kama nyaya, na ni mti unaouchuma kila juma mpaka ufe wewe. Hakuna anayeung'oa akiwa na akili timamu. Nilikuwa nimeng'oa miwili, nimelowa jasho, mkwe wangu aliponiona akapiga kelele kumwita mumewe.

Mwanangu alikuja mbio. "Mama, unafanya nini?"

"Natengeneza kiwanja."

"Cha nani?"

"Cha yule uliyemfukuza. Wewe ulipima viwanja vya wavulana, sikukuingilia. Hii hapa ni sehemu yangu. Nampa mjukuu wangu."

"Lakini hata yeye hajasema ni nani."

"Amesema. Wewe na mimi tulikuwa tunasubiri aseme lingine."

Alisimama. Mimi nikainua jembe tena, na ukweli ni kwamba mikono ilikuwa imekwisha, nilikuwa nainua kwa kiburi. Akanitazama nikipiga mara tatu bila kukata kitu. Halafu akalichukua lile jembe mikononi mwangu. Nilidhani anaenda kulificha. Akavua koti, akalitundika kwenye mti wa chai, akaanza kuchimba. Alichimba mpaka jua la saa sita, ndipo akasema, "Huu mzizi umeingia chini ya jiko lako."

Nilimpigia simu mjukuu wangu nikamwambia baba yake ndiye anayechimba. Hakuamini. Alikuja Jumapili kujionea.

Nyumba ni ndogo, vyumba viwili, mabati, ukuta wa matope uliopigwa saruji. Fundi alipokuja aliuliza, kwa sababu kwetu mafundi huuliza, "Ni ya kijana ama ni ya nani? Nijue mlango unaangalia wapi." Mjukuu wangu akamwambia mlango uangalie pale mwanga unapotoka, kwa sababu anataka kufanya kazi yake ya simu mlangoni. Fundi akakuna kichwa, akaweka mlango pale.

Siku alipohamia ilinyesha. Mimi nilikuwa ndani, nawasha moto wa kwanza, maana nyumba mpya haiachwi baridi. Mwanangu alikuja na godoro kichwani, limefunikwa nailoni, akafika mlangoni akasimama. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe wa kiume. Ni mwiko, ni ile chinsoni yenyewe, hata kuwe na moto anaita kutoka nje. Na nyumba ya binti katika boma la baba yake haikuwepo tangu zamani, kwa hiyo hakuna aliyeiwekea sheria. Nilimwona anafikiri. Mvua inampiga mgongoni, godoro limeanza kupinda, na mtu mzima wa miaka hamsini amesimama kwenye kizingiti anatafuta desturi ya kumwambia aweke wapi mguu wake.

"Mama," akaniita kwa sauti ya chini, "mimi hapa naingia ama siingii?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliulizwa jambo la mila nikawa sina jibu. Nikasema, "Usiniulize mimi. Mwenye nyumba yule."

Mjukuu wangu alikuwa juu ya kiti, anafunga balbu. Akageuka. Hawakuwa wamesemezana ana kwa ana tangu siku ya kamba, Jumapili zote za ujenzi walipitishia maneno kwangu na kwa fundi. Nilishika kijiti cha moto nikasahau kukiingiza.

"Ingia, tata," akasema. "Unalowa."

Mwanangu aliinamisha kichwa kwa ajili ya godoro akaingia. Akaliegemeza ukutani. Akasimama katikati ya chumba akidondosha maji, akatazama juu, akatazama kona zote nne, kama mtu aliyeingia nchi nyingine. Halafu akanyoosha kidole kwenye mabati.

"Ule msumari pale umepigwa kombo. Utavuja."

"Niliona. Kesho nitapanda."

"Panda," baba yake akasema. "Mimi nitakushikia ngazi."